Mlango, mbwa, taa au bunduki: nini kitangulie kulinda nyumba ya kijijini

Anayeishi mjini akisikia kishindo usiku, jirani yuko ukuta wa pili, bodaboda wako kijiweni, na huenda gari la doria likapita. Kijijini mambo ni tofauti. Kituo cha polisi kinaweza kuwa kata ya tatu, daraja limeondoka na mvua za masika, na mtandao wa simu unashika ukipanda juu ya kichuguu. Kupiga 112 ni haki yako, na upige. Lakini panga ulinzi wa nyumba ukijua kwamba nusu saa ya kwanza, pengine saa nzima, mtakaokuwepo ni ninyi wa nyumbani na majirani zenu.

Kwa hiyo kila kitu cha ulinzi nakipima kwa maswali mawili. Kinanishtua kabla mtu hajafika mlangoni? Na akishafika, kinamchelewesha kiasi gani? Uwezo wa kupigana nauweka mwisho kabisa, kwa sababu mnaovamiwa ni familia yenye watoto na wazee, na wavamizi huja wengi tena wamejiandaa. Wengi wetu tunaanza kinyume: panga limenolewa liko uvunguni mwa kitanda, huku mlango wenyewe umeshikiliwa na misumari minne kwenye tofali bichi.

Mlango wa mbao na mlango wa chuma

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapotea.

Majambazi wa vijijini wana silaha isiyohitaji leseni: jiwe kubwa ambalo wengi tunalijua kwa jina la fatuma. Linabebwa na watu wawili au watatu, linabembezwa, linaachiwa kwenye mlango. Mara moja, mara mbili, nyumba iko wazi. Ukienda asubuhi kuangalia kilichovunjika, mara nyingi si ubao wala chuma. Ni fremu. Fremu iliyopigiliwa misumari kwenye ukuta wa udongo inang'oka nzima na kuanguka ndani, mlango ukiwa bado umefungwa kwa kitasa chake, funguo mbili zimezungushwa kama kawaida.

Ndiyo maana mlango wa chuma uliowekwa kwenye fremu dhaifu nauona hasara kuliko mlango wa mbao ngumu uliowekwa kwenye fremu yenye vyuma vilivyochimbiwa ukutani na kujengewa kwa saruji. Chuma kina sifa zake, hakiliwi na mchwa wala hakishiki moto, lakini mafundi wengi wa kuchomelea hubandika bati jembamba juu ya mabomba ya mraba na kulipaka rangi nzito. Kabla ya kulipa, libonyeze kwa kiganja katikati. Likiingia ndani na kurudi kwa mlio, hilo ni pambo. Mninga au mkongo uliokauka vizuri unastahimili pigo zaidi ya bati hilo.

Iwe mbao iwe chuma, kitu kimoja cha bei ndogo kinashinda vitasa vyote: pingo. Gogo la mti mgumu au bomba zito la chuma linalolala nyuma ya mlango, ncha zake zimeingia kwenye vishikio vilivyochimbiwa ukutani kulia na kushoto. Pigo la jiwe halitui tena kwenye ulimi mdogo wa kitasa, linatawanyika ukuta mzima. Kwa pingo kufanya kazi, mlango ufunguke kwa ndani. Mlango unaofungukia nje una ubaya mwingine pia: bawaba zake ziko upande wa mwizi, na pini ya bawaba hugongwa kwa msumari ikatoka bila kelele nyingi.

Kofuli la nje ni la mchana. Usiku linamtangazia kila mpita njia kwamba ndani hakuna mtu.

Wenye nyumba za tofali mbichi wana tatizo ambalo mlango hauwezi kulitatua. Mwizi mtulivu huumwagia ukuta maji, akasubiri ulainike, akachimba taratibu nyuma ya stoo ya mahindi. Anayejua hilo hupiga lipu ya saruji walau mita moja ya chini kuzunguka nyumba, na magunia huyaweka kwenye chumba cha kati ambacho ukuta wake hautazami nje. Lipu hiyo ni gharama, lakini ni ndogo kuliko mlango wa chuma, na kwa nyumba ya aina hii ningeifanya kwanza.

Kwenye madirisha, nondo zilizopitishwa ndani ya fremu ni bora kuliko grili iliyopigiliwa kwa nje, ambayo mtaimbo unaibandua kama mfuniko wa kopo. Ila kwa nyumba zinazowasha kibatari au mshumaa, nasisitiza dirisha moja liwe na grili inayofunguka kwa ndani, ufunguo uning'inie mahali mtoto anapofikia lakini mkono wa mtu aliye nje haufiki. Moto ukianzia sebuleni na madirisha yote yana nondo, familia haina pa kutokea.

Uzio: minyaa, michongoma, seng'enge, ukuta

Ukuta mrefu wa tofali ni wazo la mjini, na kijijini siupendekezi. Unapunguza wadokozi wa mchana, hilo kweli. Lakini aliyeruka ukuta usiku amepata mahali pa kufanyia kazi bila kuonekana, na majirani ambao ndio polisi wako wa kwanza wamefungiwa nje. Tena unatangaza kwamba ndani kuna cha kulindwa.

Minyaa inamea kwa kipande cha tawi kilichochomekwa ardhini, inavumilia ukame wa Dodoma, Singida na Shinyanga, na haigharimu kitu isipokuwa subira ya misimu michache. Ubaya wake ni utomvu. Ukiingia machoni unachoma vibaya na unaweza kudhuru uwezo wa kuona, kwa hiyo wenye watoto wadogo wanaocheza kwenye uzio wafikirie mara mbili, na anayeupunguza akinge macho. Michongoma haina balaa hilo na miiba yake inamzuia mtu kuliko minyaa, ila inakua taratibu na isipopunguzwa inaacha matundu chini ambayo mbwa na mtu mwembamba hupita. Seng'enge inafanya kazi siku ile ile unayoifunga, na jirani anaona kupitia humo. Inakatwa na koleo, na wakati mwingine yenyewe ndiyo inayoibwa.

Ningechagua michongoma iliyopunguzwa kwa kimo cha kifua upande wa mbele, ili anayepita barabarani aone uwanja, na iachwe irefuke nyuma. Nyasi na migomba iliyogusana na madirisha iondolewe, haijalishi umechagua uzio gani.

Kwa mfugaji habari ni nyingine, maana anayevamia boma ana miguu minne. Zizi la matawi ya migunga linaoza na kukatiwa upya kila mara, na simba au fisi akilizunguka, ng'ombe wanaogopa na kulivunja wenyewe kwa ndani. Kule Simanjiro wafugaji wengi wamehamia kwenye uzio hai: nguzo ni miti inayochipua ikipandwa, na katikati yake hufungwa wavu wa chuma. Miti inakua, wavu unazidi kukazwa, na misitu ya migunga inapumzika. Gharama ya wavu ni kubwa kwa mtu mmoja. Kwa anayepoteza ng'ombe kila msimu, inarudi haraka.

Mbwa, kanga, bata bukini

Katika kushtua, hakuna kifaa cha umeme kinachomfikia mbwa wa kienyeji. Anakula makombo ya ugali na dagaa, anahimili maradhi kuliko mbwa wa kigeni, na anabweka mtu akiwa bado njiani. Mbwa mkubwa wa kigeni anatisha zaidi, lakini anataka chakula cha maana, mganga wa mifugo na mtu wa kumfundisha. Asipofundishwa, atamng'ata mtoto wa jirani aliyekuja kuomba moto, na urafiki uliokuwa ulinzi wako unaishia hapo.

Udhaifu wa mbwa unajulikana: kipande cha nyama chenye sumu kinachotupwa jioni. Dawa yake ni kuwa na mbwa wawili, mmoja akalala ndani ya ua mdogo au barazani penye wavu, na kuwashibisha kabla ya giza. Mbwa aliyekuwa akibweka kila usiku akinyamaza ghafla, hiyo nayo ni taarifa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa si hiari. Ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo akapate chanjo, hata kama mbwa anaonekana mzima.

Nyumba nyingi za Waislamu, hasa pwani, haziridhiki kukaa na mbwa karibu, ingawa mbwa wa kulinda mifugo na shamba ana ruhusa yake katika mafundisho. Kwao kanga na bata bukini ni chaguo la heshima. Kanga hulala juu ya mti na akiona mgeni chini hupiga kelele ambazo huwezi kulala nazo. Bukini humfuata mtu akimzomea. Hawamng'ati mwizi, na mapaka na vicheche nao huwashtua bure, lakini kwenye swali la taarifa wanafaulu, na wanataga mayai.

Taa na kamera

Taa ndogo ya sola inayowaka usiku kucha na ile ya kihisi inayowaka mtu akipita zinafanana dukani, ila kazi zake ni mbili tofauti. Inayowaka muda wote inasaidia kwenda chooni na kuonyesha njia, lakini macho ya majirani huizoea, na mwizi naye inammulikia. Ya kihisi ikiwaka ghafla kwenye kijiji chenye giza, nyumba tatu zinageuza macho. Kwa kulinda naichagua ya kihisi, ifungwe juu mkono usipofika, imulike nje kuelekea uwanjani na siyo barazani, ili anayekuja awe kwenye mwanga na wewe ubaki gizani. Vumbi la kiangazi lifutwe kwenye paneli kila wiki. Taa nyingi zinazosemwa zimekufa zimechafuka tu.

Kwamba mwanga unaobadilika unashtua kuliko mwanga uliotulia, hata simba wamelithibitisha. Richard Turere, mtoto wa mfugaji wa Kimaasai aliyekua pembezoni mwa hifadhi ya taifa ya Nairobi, aligundua kwamba simba walisita mtu alipotembea na tochi, lakini taa iliyosimama mahali pamoja waliizoea. Akaunganisha balbu zinazomemeteka kwa zamu kuzunguka zizi, na simba wakaacha kulisogelea. Mwaka 2013, akiwa na miaka 13, aliueleza uvumbuzi huo mbele ya dunia. Balbu zile zilitoka kwenye tochi mbovu, na umeme wake kwenye betri ya gari.

Kamera ya sola yenye laini ya simu ni kitu kizuri chenye masharti. Inahitaji mtandao wa uhakika, kifurushi kila mwezi na mtu wa kupokea taarifa. Haimzuii mtu aliyefunika uso. Faida yake kubwa ni kwa mwenye nyumba asiyekaa hapo, na kwa ushahidi baadaye. Kwa familia inayoishi ndani, pesa ile ile ningeiweka kwenye fremu, pingo na taa ya kihisi, na chenji ingebaki.

Mlinzi wa kulipwa au majirani

Mzee mmoja mwenye koti zito na upinde, akilala kwenye kibanda cha geti, ni faraja zaidi kuliko ulinzi. Peke yake hawezi kundi, na tunamweka kwenye hatari tusiyoikubali sisi wenyewe. Kama una uwezo wa kumlipa mtu, mpe filimbi, tochi, simu yenye chaji na mlango wa kukimbilia. Kazi yake ni kuamsha watu.

Majirani wana nguvu ambayo hela hainunui. Sungusungu walipoanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya wezi wa ng'ombe na majambazi, hawakuwa na bunduki za kushindana nao. Walikuwa na filimbi, mishale, na utaratibu: mwano, yaani yowe la kuitana, ukipigwa, kila mwanamume anatoka, na kijiji cha pili kinaziba njia. Mwizi alikimbia akikutana na watu mbele, si nyuma. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili kuwatambua. Historia yao ina doa pia, ya watu kupigwa na wanawake wazee kufukuzwa kwa tuhuma za uchawi, na kijiji kinachofufua ulinzi wa jadi leo lazima kiweke hilo wazi tangu kikao cha kwanza: tunakamata, tunakabidhi, hatupigi. Kenya nayo ilipoanzisha Nyumba Kumi mwaka 2013 ilichota kwenye mfumo wetu wa mabalozi.

Tofauti ya kijiji kinachoitika na kisichoitika huwa kwenye mambo madogo. Filimbi moja kwa kila nyumba, imetundikwa kitandani. Mlio mmoja unaokubaliwa kuwa ni wa uvamizi, mwingine wa moto, mwingine wa mnyama. Makubaliano kwamba anayesikia anapuliza yake kabla ya kutoka, ili mlio usambae. Na hakuna anayetoka peke yake. Majambazi wanaijua huruma yetu. Wengine hurusha jiwe juu ya bati au kumliza mbuzi ili baba mwenye nyumba afungue mlango mwenyewe. Wengine humsubiri anayekwenda choo cha nje. Ndoo ya usiku ndani ya nyumba si aibu.

Gharama ya haya yote ni bei ya filimbi. Kama ningeruhusiwa kuchagua kitu kimoja tu, ningechagua hiki, na cha pili kingekuwa pingo.

Pesa ndani ya nyumba

Uvamizi mwingi hufuata msimu: pamba, korosho, tumbaku au kahawa imelipwa, kijiji kizima kinajua nani kauza gunia ngapi. Godoro ni kibubu kibaya kuliko vyote. Simu ni bora, ila mtu mwenye panga anaweza kukulazimisha utaje namba ya siri, kwa hiyo akiba kubwa ikae benki au kwenye chama cha akiba, na kwenye simu ibaki ya matumizi.

Sanduku la kikundi cha akiba lina somo lake. Lina kofuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu. Mtunza sanduku hana hata mmoja. Akivamiwa hana cha kufungua, na wote wanajua hivyo. Hatari inabaki siku ya mgawanyo wa mwisho wa mwaka. Vikundi makini hulipana kwa simu, au hugawana asubuhi, siyo jioni.

Panga, rungu, bunduki na sheria

Tochi yenye mwanga mkali nimeiona ikimsaidia mtu kuliko panga. Ikimpiga mtu machoni gizani, kwa sekunde kadhaa haoni kitu, na wewe hujamsogelea. Rungu au panga linafaa kwa aliyekwisha kukosa njia. Chumbani penye watoto, gizani, linaweza kumpata wako.

Bunduki ina leseni yake chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, maombi yanapita ngazi kadhaa, na inatakiwa kufungiwa mahali salama. Hapo ndipo hesabu inapokataa: iliyofungiwa vizuri haifikiki ukishtuka usingizini, na inayofikika inafikiwa na mtoto pia. Zaidi ya hapo, majambazi wanaitafuta. Nyumba inayojulikana ina bunduki inaweza kuvamiwa kwa sababu ya hiyo bunduki. Kwa mfugaji aliye mbali na watu, anayekutana na wanyama wakali, naielewa. Kwa nyumba iliyo katikati ya kitongoji, siipendekezi. Gobore lisilo na leseni ni kesi inayokusubiri, hata lisipotumika.

Sheria ya Tanzania inakupa haki ya kujitetea. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 18 hadi 18C, inaruhusu kutumia nguvu inayostahili na inayohitajika kujilinda wewe, mwenzio au mali. Ukizidisha unawajibika, na nguvu iliyozidi ikisababisha kifo, kosa ni kuua bila kukusudia. Haki hiyo inaweza kufika hadi kuua pale unapokuwa na sababu ya msingi ya kuhofia kifo, madhara makubwa au ubakaji, na katika makosa kama uvunjaji nyumba usiku na unyang'anyi. Lakini aliyeanguka, aliyefungwa kamba au anayekimbia hakutishii tena. Kumpiga hapo si kujitetea, wala kumchoma moto si ulinzi wa kijiji. Raia anaruhusiwa kumkamata mhalifu aliyemwona akitenda kosa, na kazi yake baada ya hapo ni kumkabidhi polisi bila kuchelewa.

Uanze na nini

Mama anayeishi na watoto peke yao: pingo kwenye milango yote miwili, filimbi, na nyumba tatu za jirani zilizokwisha kukubaliana mlio. Kisha mbwa au kanga. Taa ya kihisi ikifuata kwenye njia ya choo, tayari yuko salama kuliko mwenye ukuta.

Mfugaji: mbwa wawili na boma kwanza, nyumba baadaye. Ng'ombe wapigwe chapa, na zizi lisikae mbali kiasi kwamba kelele haifiki kitandani.

Bibi na babu walioachiwa wajukuu: kabla ya kununua chochote, tafuta kijana wa ukoo alale hapo. Wazee wanaolala peke yao, hasa katika maeneo yenye tuhuma za uchawi, wanahitaji watu karibu kuliko vyuma, na vitisho vyovyote viripotiwe kwa mwenyekiti wa kitongoji na polisi mapema, siyo vikisubiriwa vipoe.

Aliyejenga kijijini huku anaishi Dar au ng'ambo: hapa kamera inastahili, pamoja na taa ya kihisi. Hata hivyo, mtu wa kuangalia nyumba anaifanyia kazi kuliko kamera. Makubaliano yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, posho itajwe, na kazi ziorodheshwe: kufyeka nyasi, kufungua madirisha mchana, kufagia uwanja, na kupiga simu siku ile ile akiona kofuli limeguswa.